Sitara si Udanganyifu

Je, mtu anayezungumza na ulimwengu kwa jina lisilo lake anadanganya? Swali hili ni la kale, nalo leo linarudi kimyakimya katika kila nyumba yenye intaneti. Chukua nyumba ya Sop Sop, wilaya ya Tororo, au ya Busia upande wowote wa mpaka wa Uganda na Kenya. Laini moja ya simu inahudumia simu za watu wanne, kompyuta ya shule na televisheni, na vyombo vyote sita vinajulikana nje kwa anwani moja tu. Mwenye ujuzi kidogo wa Linux anaweza kuupanga mtandao huo mwenyewe kwa kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Programu ya dnsmasq, iliyoandikwa na Mwingereza Simon Kelley, inagawa anwani na kujibu maswali ya majina. Nftables, iliyoingia katika kiini cha Linux mwaka 2014, inaziondoa anwani za ndani na kuweka ya nje. Wahandisi wenyewe waliiita kazi hii ya pili kuvaa barakoa, na jina hilo limewatia wengi shaka. Hoja yangu ni kwamba barakoa hiyo ni halali, kwa akili na kwa dini, mradi anayefunika wengine ana kumbukumbu ya kweli ya aliowafunika na yuko tayari kujibu kwa ajili yao. Kinyume chake, anayeulizwa majina hana ruhusa ya kusema uongo hata mara moja. Kazi zote mbili zinafanyika katika kisanduku kimoja, na kuzichanganya ndiko kunakotupotosha tunapojadili siri na ukweli.

Tazama kwanza kazi yenyewe inavyokwenda. Kila chombo nyumbani hupewa anwani ya ndani, tuseme 192.168.1.20. Mafungu ya anwani za namna hii yaliwekwa rasmi Februari 1996 yatumiwe na yeyote, popote, bila kuomba kibali. Kwa hiyo nyumba ya Sop Sop na nyumba ya Muscat zinaweza kuwa na 192.168.1.20 kila moja na zisigongane, maana anwani hiyo haivuki ua wa nyumba. Mtoto anapotafuta kitu mtandaoni, ruta, yaani ile kompyuta ndogo, hufuta anwani ya kompyuta yake kwenye pakiti inayotoka, huandika anwani yake yenyewe, huchagua namba moja ya lango kati ya zaidi ya 65,000 zilizopo, kisha huweka mstari katika jedwali: jibu litakalokuja kwa namba hii ni la yule wa ndani. Jibu likifika, ruta hulisoma jedwali, hurudisha anwani ya awali, na mwenye kuuliza hupata alichouliza. Chanzo cha mpango huu ni uhaba. Mfumo wa zamani wa intaneti una anwani bilioni 4.29 hivi, pungufu ya idadi ya wanadamu, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu ya dunia yaligawiwa tarehe 3 Februari 2011. Ndiyo maana hata kampuni za simu huwafunika wateja wao kwa njia hiyohiyo, na mwaka 2012 zilitengewa fungu la anwani linaloanza na 100.64 kwa kazi hiyo. Lakini yote haya yanasimama juu ya mstari ule mmoja wa jedwali. Ukipotea, jibu hutupwa njiani, na aliyefunikwa hubaki kama mtu aliyesahauliwa.

Afrika Mashariki ilikuwa na mpango kama huu kabla ya kompyuta. Barua hazikuletwa mlangoni. Zilikwenda kwenye sanduku la posta, na asiye na sanduku alitumia la parokia, la shule au la mwenye duka. Aliyemwandikia mwanafunzi wa Tororo kutoka London aliandika jina la mwanafunzi, chini yake akamtaja mwalimu mkuu, kisha namba ya sanduku la shule. Hakuna aliyesema kwamba mwanafunzi amejifanya shule. Kila mtu alielewa kuwa namba ile inasema jambo moja tu: barua ikifika hapa, mwenyewe ataipata. Walioishi kwa mpango ule walijua pia kwamba uaminifu wake ulikaa mikononi mwa mwenye sanduku. Asifungue barua isiyo yake, asiikalie, asimpe Odongo barua ya Opio. Katika mijadala ya leo kuhusu faragha, swali hupelekwa kwa anayefunikwa peke yake: una nini cha kuficha? Swali hilo limekosa mlango. Anayefaa kuulizwa kwanza ni mwenye sanduku: unamjua kila unayempokelea? Unampa kilicho chake? Ukiulizwa na mwenye haki ya kuuliza, utajibu?

Mpinzani atasema nimekwepa jambo zito. Kunyamaza ni kitu kimoja, atasema, lakini ruta hainyamazi. Inaandika anwani yake mahali ilipokuwa anwani ya mwingine, na huko ni kutamka. Pingamizi hili lina uzito, na linastahili kujibiwa kwa kumwangalia mtu ambaye hakuwa na huruma na uongo. Augustino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, alikataa uongo wa kila aina, hata ule unaosemwa kwa nia njema; lakini Augustino huyohuyo alitenganisha kusema uongo na kuuacha ukweli bila kuusema. Uongo humtia msikilizaji imani ya kitu kisichokuwa. Basi tuulize: anwani iliyoandikwa kwenye pakiti inamfanya anayeipokea aamini nini? Inamwambia apeleke jibu wapi, na hilo ni kweli tupu, kwa kuwa akilipeleka hapo linamfikia aliyeuliza. Haimwambii ni nani anayesema. Anayetaka kujua hilo ana njia zake: nenosiri, saini, cheti. Hakuna benki inayokubali kutoa fedha kwa sababu tu ombi limetoka kwenye anwani ya nyumba ya mteja. Tamko la ruta ni finyu, na ndani ya ufinyu huo ni la kweli.

Pima tofauti hiyo kwa kisa ambacho Wakristo na Wayahudi wanakijua, cha Yakobo katika Mwanzo 27. Yakobo alivaa mavazi ya kaka yake, akafunikwa mikono kwa ngozi za mbuzi, akaingia kwa baba aliyekuwa amepoteza nuru ya macho. Isaka alimuuliza waziwazi yeye ni nani, akauliza tena, na mara zote mbili Yakobo akajibu kwa jina la Esau. Mambo matatu yanakutana hapo. Aliyeuliza alikuwa na haki ya kujua, kwa sababu baraka ilikuwa yake kuitoa. Aliyeulizwa alitoa jina la uongo. Na neno lililokusudiwa Esau likamwangukia mtu mwingine, asiweze Isaka kulirudisha. Mavazi peke yake hayakuwa kosa. Watu huazimana nguo kila siku. Kosa lilitimia pale jibu la mmoja lilipoishia kwa mwingine. Ruta yenye jedwali sahihi hufanya kinyume kabisa cha yaliyotokea katika hema la Isaka: inabadilisha vazi, lakini kila baraka inakwenda kwa mwenyewe.

Uislamu unalifikisha jambo hili mbali zaidi, maana unaagiza mambo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kuvutana. Upande mmoja, sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana, na mafundisho ya Mtume yanamsifu anayeyasitiri mapungufu ya mwenzake. Upande wa pili, sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao wa kuzaa. Mlezi amlishe, amvishe, amhifadhi chini ya dari yake, lakini asifute asili yake. Kama sitara ni njema, kwa nini nasaba isisitiriwe nayo? Naona amri hizo mbili zinasimamia jambo moja. Mambo ya mtu yanaweza kufunikwa. Asili yake haiwezi kufutwa. Mtoto wa kulea akitoka nje, majirani humwona kama wa nyumba ile, na hakuna dhambi. Lakini siku ya ndoa au mirathi, pale ambapo kutojua kunaleta madhara, kumbukumbu lazima iseme kweli. Mfunikaji mwema ana nyuso mbili zisizogombana: nje anatoa hifadhi, ndani anatunza ukweli. Anayetoa hifadhi na kuchoma kumbukumbu amegeuza sitara kuwa wizi wa asili ya mtu.

Hapo ndipo kazi nyingine ya kisanduku kile, kujibu majina, inapodai ukali zaidi. Mwanzoni majina ya kompyuta zote za mtandao yaliandikwa katika faili moja iliyotunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake kwenye taasisi ya utafiti ya Stanford, California. Mtandao ulipokua faili hiyo ikaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa kila eneo kutunza majina yake na kuyajibia. Kwa mfumo huo .ug ina watunzaji wake na .ke ina wake, na nyumba ya Sop Sop inaweza kuyatunza ya kwake: printa, kompyuta ya mama, hifadhi ya picha. Majina ya ndani hayajulikani nje, na hilo haliyafanyi ya uongo. Kwa Wapadhola, kama kwa Wajaluo, pacha wa kwanza akiwa mvulana ni Opio na wa pili ni Odongo. Bomani jina hilo linatosha, kila mtu anajua ni nani anayeitwa; kwenye daftari la taifa wamo kina Opio wengi mno, ndiyo maana mamlaka ya usajili ya Uganda humpa kila raia namba ya tarakimu na herufi 14. Jina na namba vyote ni kweli, kila kimoja mahali pake. Lakini anayejibu jina, awe mzee wa boma au programu, anaulizwa na mtu asiye na njia nyingine ya kuhakiki. Mwaka 2008 Dan Kaminsky alionyesha jinsi majibu ya uongo yanavyoweza kupandikizwa katika kumbukumbu ya seva za majina, mtu akaandika jina la benki yake na kupelekwa kwa mwizi. Watengenezaji wa programu walishirikiana kwa siri kuziba tundu hilo kabla halijatangazwa. Hakuna aliyekimbilia kuzuia ruta zisifunike anwani, ingawa zilikuwa zimeifanya kazi hiyo kwa miaka. Ulimwengu ulitambua kwa vitendo kwamba anayefunika hamwibii mtu, lakini anayetaja jina kwa uongo anamwibia aliyemwamini.

Uaminifu wa mjibu majina una sehemu ya pili ambayo husahaulika: kusema sijui, na kutoruhusu neno hilo lizidi maana yake. Seva ya majina iliyo njema, ikiulizwa jina lisilo katika orodha yake, huwauliza wengine. Na wenye mamlaka juu ya jina hilo wakisema halipo, inarudisha jibu hilo tu. Haisemi kwamba kompyuta fulani haipo duniani. Madaftari ya serikali hayakuwa na unyenyekevu huo siku zote. Mwaka 2021 watetezi wa haki za binadamu nchini Uganda walichapisha ripoti iliyoonyesha wazee waliokosa fedha za ruzuku ya uzeeni kwa sababu hawakuwa na kitambulisho cha taifa, au kwa sababu tarehe na herufi zilikosewa wakati wa kusajiliwa. Mzee amesimama mbele ya dirisha, wanakijiji wote wanamjua, na kompyuta inasema hayupo. Daftari lilikuwa na haki ya kusema kwamba halilijui jina lile; halikuwa na haki ya kumfuta mtu. Kwa anayeamini kwamba Mungu anamjua kila kiumbe kabla hajaandikwa popote, kosa hili ni kubwa kuliko uzembe wa ofisi. Ni kulipatia daftari cheo kisicho chake.

Watu wa mpakani wana sababu ya kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda ya wakati huo wakaupeleka upande ambao leo ni Kenya, na mstari uliotokea ukawagawa Wasamia na Wateso, ndugu wa ukoo mmoja wakawa raia wa nchi mbili. Tangu mwaka 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha kuvukia, na kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, kinamkagua msafiri mara moja tu, upande anaoingia. Lakini laini ya simu haivuki kwa wepisi huo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 kuhusu unasaji wa mawasiliano iliweka msingi wa usajili wa laini, na mwaka 2017 kila laini ikatakiwa ithibitishwe kwa kitambulisho cha taifa. Asiye na kitambulisho akaomba jina la ndugu. Je, kuna dhambi? Sheria ina jibu lake, na anayeivunja ajue anachokabili. Kwa upande wa maadili, kipimo ni kilekile: mwenye jina ameridhia, anajua laini iko kwa nani, na yuko tayari kusimama mbele ya mwenye haki na kujibu. Mama aliyemsajilia mwanawe kwa uwazi huo anamfunika. Wakala anayechukua alama za vidole za mteja asiyejua kusoma, akazitumia kusajili laini za ziada na kuziuza, hamfuniki mtu. Amemvisha mtu asiye na hatia barakoa ya mhalifu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wapelelezi. Oktoba 2017 shirika la polisi la Ulaya, Europol, lililalamika kwamba kampuni za simu zinapowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, mhalifu anapotea katikati yao, na wasio na hatia wanaangukiwa na shaka. Malalamiko hayo ni ya kweli na siwezi kuyapuuza. Lakini yatazame vizuri: yanalalamikia mwenye sanduku asiyejua nani alichukua barua. Dawa yake ni jedwali lililo sahihi, lenye saa na namba ya lango, analoweza kulisoma mwenye amri ya mahakama. Wala jambo hilo halidai jedwali lisilosahau. Linux yenyewe huufuta mstari wa ujumbe mfupi usiojibiwa baada ya sekunde 30, na mazungumzo yaliyounganishwa yakikaa kimya huyakumbuka kwa siku 5. Kumbukumbu inadumu kadiri jibu linavyosubiriwa. Muda wa kampuni ya simu unapangwa na sheria. Kwa nyumba, naona kipimo cha jedwali kinatosha. Baba anayehifadhi kwa miaka kila jina ambalo wanawe wametafuta hatunzi kumbukumbu ya uwajibikaji. Anafanya upelelezi ambao Al-Hujurat imeukataza.

Wengine watasema uhaba ukiisha, barakoa itaisha. Mfumo mpya wa anwani una nafasi ya kumpa kila chombo duniani anwani yake, na wahandisi wengi wanaona ufunikaji ni kiraka kilichoharibu mtandao ulio wazi. Nakubali nusu ya maneno yao. Ufunikaji peke yake si ulinzi; kazi ya kuzuia wavamizi ni ya kanuni za ukuta wa moto, na anayedhani barakoa inamlinda anajidanganya. Lakini historia inakataa nusu ya pili. Ndani ya mfumo huohuo mpya, wenye anwani tele, ilionekana mapema kwamba anwani isiyobadilika humfuata mtu kila aendako kama kivuli. Mwaka 2001 ukatangazwa utaratibu wa anwani za muda, zinazobadilika ili mtu asifuatwe. Uhaba ulituonyesha sitara, lakini haja ya sitara haikuzaliwa na uhaba. Imetokana na hali ya mwanadamu, ambaye hawezi kuomba, kujifunza, kutubu wala kupenda akiwa anatazamwa na kila mtu kila wakati.

Limebaki pingamizi la anayekwepa deni. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na wengi wakajificha kwa programu zinazowaonyesha kana kwamba wako nchi nyingine. Hoja yangu haiwatetei. Mwenye kudai kodi kwa sheria ni mwenye haki ya kuuliza, na aliyejificha asimlipe amesimama karibu na Yakobo kuliko anavyopenda kukubali. Kama kodi ilikuwa dhuluma, na zipo sababu za kusema hivyo, njia yake ilikuwa ya wale walioipinga mahakamani na barabarani kwa nyuso zao wazi. Lakini Januari 2021 intaneti ya nchi nzima ilipozimwa wakati wa uchaguzi, hakukuwa na deni lililodaiwa. Kumzuia mtu asizungumze kabisa hakumpi anayezuia haki ya kujua nani anazungumza. Kanuni moja inatoa hukumu mbili tofauti, na hiyo ni dalili kwamba haikutungwa ili imfurahishe mtu.

Kwa hiyo anayepanga mtandao wa nyumba yake, Sop Sop au popote, anafanya kazi ya maadili hata kama anadhani anaandika amri za kompyuta tu. Wafunike walio ndani, maana ni haki yao. Majina uyajibu kwa kweli, na usilolijua sema hulijui. Tunza jedwali hadi jibu limfikie mwenyewe, kisha liache lisahau. Na siku mwenye haki atakapokuja kuuliza kuhusu lililofanyika kwa anwani ya nyumba yako, usiseme hukuwamo. Uliwapa jina lako, wajibie.